Matangazo ya Mirathi Yasiyofika Kijijini

Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo ambalo wengi wenu hamjalisikia, na kwa kuwa hamjalisikia, linawadhuru. Kila Ijumaa hutoka huko Nairobi karatasi iitwayo Gazeti Rasmi la Serikali. Ni karatasi ya zamani. Ilianza kupigwa chapa mwaka 1899, siku za Himaya, kabla ya babu zetu wengi kujua kusoma. Ndani yake zimo habari za vyeo na sheria na mipaka, na katika kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo kama chembe za wimbi, yamo majina ya watu waliokufa. Majina hayo hayakuwekwa pale kwa ajili ya maombolezo. Yamewekwa kwa sababu mtu fulani amekwenda mahakamani kuomba apewe usimamizi wa mali waliyoiacha.

Siku moja, katika mkutano wa walimu wa tarafa yetu, tuliuliza ni nani aliyepata kulishika gazeti hilo mkononi. Tulikuwa watu 34. Walinyosha mikono wawili tu, na mmoja katika hao wawili alilipata kwa mwuza njugu, nusu karatasi, limekunjwa mfano wa pembe. Basi ikiwa walimu ndio hao, mkulima wa mahindi aliye huko mteremkoni atalionea wapi?

Nasi twaandika tukiwa katika Kaunti ya Taita Taveta, lakini mambo haya ni yayo hayo huko Vihiga, na Nyamira, na Murang'a, na kila mahali ambapo mashamba ni madogo na watoto ni wengi.

Tangazo lenyewe lina sura moja siku zote. Husema ya kwamba ombi limeletwa katika mahakama fulani, shauri nambari kadha, na mtu fulani wa sanduku la posta kadha, mwana wa marehemu, ili apewe hati ya usimamizi wa mali ya fulani, aliyekuwa akikaa mahali kadha na kufariki tarehe kadha pasipo kuacha wasia. Na mahakama itaitoa hati hiyo, isipokuwa mtu atokee kuonyesha sababu ya kuizuia katika muda wa siku 30 tangu siku ya kuchapishwa kwake.

Tazameni sasa lisilolisema. Halisemi shamba ni lipi, wala nambari yake, wala ukubwa wake. Halisemi marehemu aliacha watoto wangapi, wala kama mjane wake yu hai. Na hayo machache lisemayo, layasema kwa Kiingereza. Tena lamtaja marehemu kwa jina la kitambulisho, ambalo pengine hata jirani yake wa miaka 40 halijui, kwa maana yeye alimwita Baba Mghoi tangu Mghoi azaliwe.

Sheria iliyoleta jambo hili ni Sheria ya Urithi, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha 67 chaagiza ya kwamba hati ya usimamizi haitolewi mpaka litolewe tangazo la kuwaalika wenye pingamizi, na muda uliotajwa humo uishe, nao usipungue siku 30. Kusudi la kifungu hiki ni jema, wala hatutaki mtu adhani ya kuwa twakilaumu. Waliokitunga walijua ya kuwa mali ya marehemu huwavuta watu kama maziwa yaliyomwagika yavutavyo nzi, wakataka jambo lifanyike mbele za watu, si gizani. Twauliza neno moja tu: je, lafanyika mbele za watu?

Twamjua mama mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala kijiji, kwa kuwa aibu si yake. Aliolewa akaenda kukaa Mombasa pamoja na mumewe. Baba yake alikufa mwaka 1996, mama yake akamfuata baada ya miaka michache, wakazikwa wote wawili chini ya mwembe ulio karibu na nyumba. Shamba lilibaki likilimwa na kaka yake, naye mama huyu hakuona neno, maana kila Desemba alipokuja alipewa kikapu cha viazi na mkungu wa ndizi, akalala katika chumba alichozaliwa. Miaka ikapita hivyo. Kisha mwaka mmoja alikuja akakuta seng'enge. Nyumba imebomolewa, mwembe umekatwa, na makaburi mawili yako ndani ya ua wa mtu mwingine. Kaka yake alikuwa amehamia Voi.

Alipokwenda kuuliza ofisini, karani mmoja alimjibu kwa upole kabisa, wala hakuwa mtu mbaya, "Mama, tangazo lilitoka. Mbona hukuja kupinga?" Akamwonyesha. Naye, aliyeisoma Biblia yake ya Kiswahili miaka yote pasipo miwani, alisimama mbele ya jina la baba yake mzazi asiweze kusoma yaliyoandikwa kulizunguka.

Na mnunuzi je? Alikuwa mwalimu mwenzetu aliyestaafu, aliyetoa kiinua mgongo chake chote. Alionyeshwa hati yenye muhuri wa mahakama, akaonyeshwa hatimiliki yenye jina la muuzaji. Alitaka nini zaidi? Twasema haya ili ifahamike ya kuwa tangazo lisilofika halimdhulumu mrithi peke yake. Lamtia na mtu mwaminifu katika ugomvi asioujua, akaishi katika shamba ambalo majirani wapita pasipo kumsalimu.

Hapa kuna neno la sheria lipasalo kujulikana. Kifungu cha 76 chamruhusu aliyedhulumiwa kuiomba mahakama iifute hati wakati wo wote, ikiwa ilipatikana kwa maneno ya uongo, au kwa kuficha jambo kubwa, au ikiwa mwendo wa shauri ulikuwa na kasoro. Hilo ni jema. Lakini kifungu cha 93 chasema ya kwamba aliyeuziwa mali na mwenye hati, ununuzi wake wasimama, hata kama hati ile itafutwa baadaye. Wako majaji waliokataa kukiacha kifungu hicho kiwe maficho ya wezi, nasi twawashukuru. Ila kufika mbele za majaji hao ni safari ya miaka, na nauli, na ada ya wakili. Siku 30 zilizopita bila kujulikana zaweza kumgharimu mtu miaka 10 ya kurudi rudi mahakamani, na akifika mwisho akute mwembe umekwisha kuwa mkaa.

Wako wasemao, na wengine wao ni watu wa elimu kubwa, ya kwamba kutojua sheria si udhuru. Neno hili tumelisikia mara nyingi, hata tumechoka nalo. Mama yule hakushtakiwa kwa kutojua sheria. Alikosa habari, yaani hakujua ya kuwa kaka yake amekwenda mahakamani. Kujua sheria na kupata habari ni mambo mawili. Mtu aweza kuijua Sheria ya Urithi tangu kifungu cha kwanza hata cha mwisho, asijue lililotendeka Jumanne iliyopita katika chumba cha msajili.

Tena husema, "Imechapishwa, basi imetangazwa." Ndugu, kuchapa si kutangaza. Kila msomaji wetu aijua habari ya Boazi na shamba la Elimeleki. Boazi hakuandika jina la marehemu katika karatasi akaifungia kabatini. Alikwenda akaketi langoni, mahali ambapo kila mtu hupita. Akamwita jamaa aliye wa karibu kuliko yeye, akamketisha. Akawaita wazee kumi wa mji. Kisha akalitaja shamba, akamtaja na mjane. Yale matatu ambayo tangazo letu linayaacha, yaani shamba, na mjane, na jamaa wa karibu, ndiyo aliyoanza nayo. Na jambo likakwisha siku ile ile, wala hatusomi ya kuwa mtu alikuja baadaye kusema hakuambiwa.

Hata ndoa zetu hutangazwa kanisani Jumapili tatu, kwa lugha ya watu, masikioni mwa watu wawajuao bwana na bibi. Je, kama kasisi angeyaandika majina yao kwa Kilatini, akayabandika ndani ya mlango wa chumba avaliamo kanzu, mngekubali ya kuwa wametangazwa? Mngecheka. Nasi twashangaa ya kuwa kwa habari ya shamba hamcheki wala hamkasiriki.

Watu wa nchi nyingine wameliona jambo hili zamani. Huko Marekani, mwaka 1950, Mahakama Kuu ya nchi ile ilikata shauri liitwalo Mullane, ikasema ya kwamba ambaye jina lake na makao yake yajulikana hatoshelezwi na tangazo la gazetini, apelekewe barua. Tangazo la gazeti lifae kwa wale tu wasiojulikana waliko. Mwaka 1988, katika shauri lililotoka Oklahoma, mahakama ile ile ililitumia neno hilo kwa mali ya marehemu na wale waliokuwa wakimdai. Hatusemi haya kwa kupenda mambo ya wageni. Twasema kwa kuwa hoja yao ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la tano aifahamu: umjuaye alipo, mwambie.

Na sisi je, hatuwajui waliko? Twawajua! Hapo ndipo uchungu ulipo. Sheria yetu yenyewe, katika kifungu cha 51, yamtaka mwenye kuomba, ikiwa marehemu hakuacha wasia, aandike majina na makao ya wajane wote na watoto wote walio hai, na wazazi, na ndugu wa kiume na wa kike wa marehemu. Kanuni ya 26 yakataza hati kutolewa kwa mtu mmoja pasipo wale walio sawa naye, au waliomtangulia kwa haki, kupewa habari. Na desturi ya mahakama ni kutaka barua ya chifu iwatajayo warithi. Basi mlango una makomeo matatu, yote ya chuma. Mwizi ameingiaje?

Ameingia kwa kuwa sisi tumemfungulia. Lazima tuseme hili, ijapokuwa litawaudhi watu tuketio nao kanisani. Kaka huenda kwa chifu akasema, "Tulizaliwa wawili, mimi na marehemu ndugu yangu." Dada zake watatu hawatajwi, kwa kuwa "waliolewa." Majirani wanajua. Mzee wa kijiji anajua, maana alikula nyama ya mahari yao wote watatu. Chifu, naye, au hajui kwa kuwa amehamishiwa hapa mwaka jana, au ajua naye aandika aliyoambiwa. Wapo machifu waaminifu, na tungeweza kuwataja. Mmoja huwaita wana na mabinti wote wa marehemu barazani kabla ya kushika kalamu, akiambiwa binti fulani yuko Nairobi humpigia simu papo hapo mbele za watu. Lakini si wote walio hivyo, na barua moja ya uongo yatosha kuyafungua makomeo yote matatu.

Neno lile "ameolewa" limekwisha kukosa nguvu mbele ya sheria, hata kama lina nguvu bado katika vilabu vya pombe. Sheria ya Urithi, katika kugawa mali ya asiyeacha wasia, yasema watoto, wala haisemi wana wa kiume. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliyoketi Eldoret ilikataa hoja ya kwamba mabinti wapewe sehemu ndogo kwa kuwa huenda wataolewa. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, yataka ubaguzi wa mwanamke katika mambo ya ardhi uondolewe. Mwanamume akisimama leo kumwambia dada yake, "Wewe huna neno hapa," asidhani yu katika desturi za wazee. Wazee walimweka binti aliyeachwa na mumewe katika shamba la baba yake, wakamkatia sehemu ya kulima, hawakumzungushia seng'enge.

Twarudi kwa mahakimu, kwa heshima. Kifungu kile kile cha 67 chasema ya kwamba tangazo libandikwe wazi katika nyumba ya mahakama, na kutolewa pia kwa njia nyingine yo yote ambayo mahakama itaagiza. Njia nyingine yo yote! Basi hakimu hana haja ya kungoja Bunge. Aweza kuagiza leo ya kwamba tangazo lisomwe katika baraza la chifu wa mahali alipokaa marehemu, na libandikwe katika soko, na shuleni, na makanisani na misikitini. Aweza kuagiza liandikwe kwa Kiswahili, lililitaja shamba kwa nambari yake na kuwataja warithi wote walioandikwa katika ombi. Mrithi aliyeachwa akiona orodha isiyo na jina lake atajua mara moja. Lakini akiona jina la baba yake tu, na la kaka yake, aweza kudhani kaka amewafanyia wote kazi njema.

Watu wa mapato watasema gharama. Karatasi moja ya kubandikwa katika mlango wa chifu ni gharama gani? Baraza lipo, lakutanika kila mara kwa habari za chanjo na miche na njia za maji.

Kuna jambo la pili, nalo twalisema kwa sauti ya chini zaidi. Ni habari ya talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yakubali ya kuwa kuachwa na mwenzi kwa miaka 3 isiyopungua ni sababu mojawapo ya kuivunja ndoa ya Kikristo. Mwenye kuomba lazima ampelekee mwenzake hati za shauri. Asipomwona, aweza kuiomba mahakama ruhusa atangaze katika gazeti la habari. Nasi tumeona yatendekayo. Mume aapa ya kwamba mkewe hajulikani aliko, na mke yuko kwa baba yake, ng'ambo ya bonde, moshi wa jiko lake waonekana kutoka mahali mume alipotia saini. Tangazo latoka katika gazeti la Kiingereza, kati ya tangazo la mnada wa magari na la shule ya udereva. Mke hasomi. Watu wa mjini wasomao hawamjui. Siku moja aambiwa ya kuwa si mke wa mtu tena, na shauri lilisikizwa yeye hayupo.

Katika jambo hili hatutaki baraza, wala hatutaki lisomwe kanisani, la, hasha! Mirathi yahitaji mwanga zaidi, talaka yahitaji mwanga kidogo zaidi lakini uelekezwe kwa mtu mmoja. Kanuni za mashauri ya madai zakubali hati kubandikwa katika nyumba aliyojulikana mwisho kuwa akikaa, na tangu mwaka 2020 zakubali hata kupelekwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu. Basi kabla ya kumruhusu mume kwenda gazetini, hakimu na aulize maneno mepesi: Umekwenda kwa wazazi wake? Umemwuliza mshenga wenu? Nambari ya simu yake uliifuta lini? Mtu akijibu maneno hayo matatu kwa kiapo, wengi watakumbuka ghafula mahali mke aliko.

Na la tatu ni habari ya kufilisika. Wengi hulicheka neno muflisi, wakidhani ni mambo ya matajiri wa Nairobi. Sheria ya mwaka 2015 iliyochukua mahali pa ile ya zamani imeweka utaratibu wa mtu mmoja na wa kampuni pia, na kampuni ikianguka, wanaoanguka nayo ni watu wa vijijini waliopeleka miwa, au maziwa, au mboga, wakangoja kulipwa. Mwaka 2019 kampuni ya sukari ya Mumias ilitiwa chini ya meneja mrasimu, na wakulima wa miwa walikuwa wakiidai bado. Mkulima wa namna hiyo ni mdai kama vile benki ilivyo mdai, ijapokuwa benki yenye rehani hutangulia. Lakini wadai huitwa kwa tangazo kuja kuthibitisha madai yao, na benki ina karani asomaye matangazo kila siku. Mkulima ana risiti zake katika mkebe wa majani ya chai. Twawasihi: risiti hizo msizitupe, wala msiziache ziliwe na mchwa.

Karibu na hilo ni minada ya mashamba yaliyowekwa rehani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka mwenye rehani apewe taarifa ya siku 40 kabla ya kuuzwa, na nakala ipelekwe pia kwa mke au mume aliyetoa kibali chake. Akina mama, mkiletewa karatasi mtie saini "ya mambo ya benki," msitie mpaka mmesomewa. Tumemaliza hapo, dalali hahitaji kuelezwa zaidi, watu wamjua.

Sasa neno la lugha, kwa maana ndilo shina la yote. Katiba yetu, kifungu cha 7, yasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Tangu mwaka 2010 hata leo, ukilifungua Gazeti Rasmi katika kurasa za mirathi, utadhani kifungu hicho hakikuandikwa. Wengine hutujibu ya kuwa maneno ya sheria hayana Kiswahili. Twashangaa sana. Mirathi, wasia, mrithi, msimamizi, mdai, muflisi, rehani, talaka, pingamizi: maneno hayo watu wa pwani waliyatumia mbele ya makadhi kabla ya Gazeti hili kuzaliwa. Ni maneno ya zamani kuliko mahakama zetu. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaandika.

Twajua pia ya kuwa wengine watasema twawafundisha watu kushtakiana, na ya kuwa nyumba zilizokaa kwa amani zitaingia magomvi. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye twamheshimu sana, alituambia hivyo uso kwa uso. Tulimjibu ya kuwa amani ya nyumba ambayo dada hajui kuwa ameporwa si amani, ni usingizi. Hakupendezwa, lakini hakutupinga tena, na baadaye tulisikia ya kuwa amewaita binti zake waje nyumbani wakati wa Pasaka.

Sisi wenyewe hatukukaa tukingoja. Gazeti Rasmi sasa lapatikana bure katika intaneti, mahali paitwapo Kenya Law, na walimu vijana wanalo katika simu zao. Basi tumepatana, watu wanne, ya kwamba kila Ijumaa jioni mmoja wetu alifungue, atafute matangazo yatajayo lokesheni zetu, ayaandike kwa Kiswahili katika ubao uliotundikwa karibu na posho mill, kwa kuwa hapo hupita watu wengi kuliko kanisani. Twaandika jina la marehemu, na jina ajulikanalo nalo kijijini ikiwa twalijua. Jina la mwenye kuomba. Mahakama na nambari ya shauri. Na siku ya mwisho ya kuleta pingamizi, tumeihesabu wenyewe ili mtu asikosee. Kazi yote haichukui saa moja. Majuma mengine hakuna jina hata moja, twaandika "Hakuna."

Chifu alikuja kuuliza ni nani aliyeturuhusu. Tulimwonyesha ya kuwa hatukuandika ila yaliyochapwa na Serikali yenyewe kwa ajili ya watu wote. Alisimama akasoma, akaenda zake. Juma lililofuata alimtuma karani wake ayanakili yale yale yasomwe barazani.

Ijumaa ya kwanza tuliandika majina matatu. Siku ya Jumanne mzee mmoja alikuja kusaga mahindi, akaliona jina la pili, akaweka gunia chini. Alituuliza kama marehemu huyo ni yule aliyekuwa fundi wa mawe. Tukamwambia ndiye, ikiwa tarehe ya kufa ni sawa. Akasema tarehe ni sawa, kwa maana alikuwapo. Huyo ni kaka yake, na mjane wake yu hai, yuko kwa binti yao huko Taveta, wala aliyeandikwa kuwa mwenye kuomba si mwana wa nyumba ile. Tulihesabu pamoja naye. Zilikuwa zimebaki siku 26. Aliacha mahindi yake pale posho mill, akapanda gari la saa nne.